Pembe Haifanyiwi Mazoezi

Jumapili, 3 Oktoba 1971

Baada ya ibada nilibaki kanisani nikikausha matarumbeta. Si kazi ya kiongozi wa bendi, lakini nikiwaachia wapigaji wenyewe, vyombo vitaoza kabla ya Krismasi. Vyombo vyetu vililetwa na Wajerumani, na nyimbo tunazopiga zililetwa na Wajerumani haohao. Baba yangu alizipiga, mimi nazipiga, na nikifa zitapigwa kaburini kwangu nitake nisitake. Nimeshapita miaka arobaini, nimetunga vipande vya kujaza sanduku, na hakuna hata kimoja kilichopigwa mbele ya watu. Sanduku liko chini ya kitanda. Mke wangu Esta huviita vipande vile "wanao wa kule chini".

Joto. Mawingu yanapita juu yetu yakielekea kwa wengine.

Jumanne, 5 Oktoba

Hakuna mvua. Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Sina raha na sijui sababu.

Jumamosi, 9 Oktoba

Sababu imepanda mlima yenyewe. Ndugu Respicius, Afisa Utamaduni wa wilaya, Mhaya mwenye viatu vya kung'aa, ameshuka kwenye lori la ushirika akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Tulimpa maji ya kunawa, akanawa mara mbili, ndipo akasema shida yake.

"Mwalimu Aminieli, tarehe tisa Desemba Uhuru unatimiza miaka kumi. Uwanjani Same watakuja wageni kutoka mkoani. Naambiwa bendi yako ndiyo inayopiga vizuri kuliko zote huku milimani."

"Inapiga," nilisema.

"Lakini mkiwapigia wageni nyimbo za Wajerumani, mimi nitarudishwa Bukoba kwa miguu. Nataka kitu kipya, chenye asili ya hapa. Na pasiwe na kuimba. Kwaya ninazo tele. Nataka bendi iseme yenyewe. Je, unacho?"

Kabla sijafungua mdomo, Esta aliyekuwa akimimina chai akajibu: "Anavyo vingi, ndugu yangu. Viko chini ya kitanda."

Respicius alicheka. Mimi nikaweka kikombe chini.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimevitoa vyote, nimevisoma kimoja kimoja. Vyote ni vya Kijerumani. Mwandiko tu ndio wangu. Nimevirudisha sandukuni na nimemfokea Esta kwa sababu ya chumvi.

Ijumaa, 15 Oktoba

Alfajiri pembe ililia. Baba mkwe wangu, Mzee Eliezeri, ndiye mlinzi wa ndiva, lile bwawa la ukuta wa udongo lililo juu ya kijiji, linalokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi tuyafungulie mashambani. Yeye peke yake ndiye mwenye kupuliza ile pembe ya tandala kuita msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, awe mwalimu, awe mlevi, awe balozi wa nyumba kumi. Asiyekwenda anatoa mbuzi. Ndivyo barabara yetu ilivyochimbwa na ndivyo shule ilivyojengwa, kabla hata chama hakijatuletea neno kujitegemea.

Leo tulisafisha mfereji kuingoja vuli. Nilikuwa nimesimama na matope magotini, nanuna, mara ule mlio wa alfajiri ukarudi kichwani mwangu: mrefu, mrefu mwingine, halafu ule wa tatu unaopanda na kubaki huko juu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikaacha kuchimba. Jirani akaniuliza kama nimeumwa na nge. Miaka yote hii nautafuta muziki wa huku kwetu kwenye karatasi, na kumbe ndio ule unaoniamsha nikalime!

Jumapili, 17 Oktoba

Tatizo ni ile nota ya juu. Haipo. Haiko kwenye mi, haiko kwenye fa, imekaa katikati kama mtu aliyekaa ukutani baina ya viwanja viwili. Tarumbeta haliwezi kuifikia. Lakini tromboni haina vitufe, ina mkono wa kuvuta, na mkono unaweza kusimama popote. Nilikwenda kwa Hezroni seremala, mpiga tromboni wetu, mtu mwenye kifua cha ng'ombe na majivuno ya jogoo. Tulihangaika mchana kutwa.

"Rudisha kidogo. Kidogo! Umepita."

"Mwalimu, mbao mimi nazipima kwa penseli. Wewe unanipimia kwa unywele."

Jioni aliipata. Mara moja tu, kisha ikampotea, lakini aliipata. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye mteremko kama mtoto.

Alhamisi, 21 Oktoba

Naandika. Silali. Esta amelala na shuka lake mwenyewe kwa sababu nagonga mguu kitandani nikihesabu.

Jumanne, 26 Oktoba

Sijui nicheke au nijifiche.

Mazoezi ya kwanza ya bendi nzima, kwenye uwanja wa kanisa. Kipande kinaanza kwa ngoma peke yake, polepole, halafu besi, halafu kila kitu kinanyamaza na Hezroni anasimama na kupuliza pembe kwa tromboni. Leo alipuliza sawasawa, na pale penye ukungu sauti ilikwenda mbali. Tukaendelea. Tulikuwa hatujafika hata mwisho wa ukurasa wa pili nilipoona watu wanashuka kwenye njia ya migombani, wengine wanatokea chini, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe begani. Honorata, mjane anayekaa chini ya ndiva, alikuwa amekuja na makande yake kwenye kibakuli maana alidhani ni kazi ya siku nzima.

"Ni wapi?" waliuliza. "Mfereji umebomoka?"

Nikasema, "Ni muziki."

Walitutazama. Mmoja akaanza kucheka, wengine wakatukana. Nyuma yao wote alikuja Mzee Eliezeri, hana jembe, mikono nyuma. Hakuniamkua na hakungoja nimwamkue. Alikwenda hadi mbele ya Hezroni, akaishika tromboni, akaitazama ndani ya mdomo wake kama anatafuta aliyejificha humo, akaondoka.

Nitasema ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Niliona aibu, ndiyo. Lakini chini ya aibu nilikuwa na furaha kubwa. Kijiji kizima kimedanganyika! Ni mtunzi gani amewahi kupewa sifa kama hiyo?

Alhamisi, 28 Oktoba

Barazani nimetozwa mbuzi kwa kuita watu bure. Haki yao. Balozi alisema heshima ya kijiji iko Same tarehe tisa, kwa hiyo mazoezi yaendelee, ila yawe Jumanne na Alhamisi jioni, na watu wajue kwamba pembe ya saa hizo si pembe. Wote wakakubali, na mbuzi akaliwa.

Mzee Eliezeri peke yake hakula.

"Pembe haifanyiwi mazoezi," alisema. "Mimi tangu nipokee kwa baba yangu sijaipuliza kwa kujaribu hata siku moja. Nilipuliza mara ya kwanza siku ilipotakiwa."

Ndiyo maana huwa anakosea, niliwaza. Sikusema. Yule ni baba mkwe.

Alhamisi, 4 Novemba

Mvua! Imeanza mchana, imetufukuza kwenye mazoezi. Esta ameshapanda maharage.

Jumatatu, 8 Novemba

Hezroni anapuliza karakanani kwake akichoka kuranda mbao. Anapuliza asubuhi, anapuliza mchana. Nimemwambia kuhusu Jumanne na Alhamisi, akanijibu kwamba nota ile ikikaa siku mbili bila kuguswa inamkimbia. Kweli inamkimbia. Nimemwachia. Watoto wa shule nao wanaupiga mlio kwa mluzi wakienda kuteka maji. Watu hawageuki tena.

Jumamosi, 13 Novemba

Same. Joto la kukaanga mayai. Respicius alinionyesha uwanja, jukwaa la mbao bado halijapigwa misumari, na mahali pa bendi ni juani kabisa. Wakata mkonge wa mashambani wamealikwa na ngoma zao. Respicius ana hofu kwamba zitatumeza. Nilimpigia mlio wa pembe kwa midomo, pale pale kati ya mbuzi na baiskeli. Akafumba macho.

"Hicho," akasema. "Hicho usikipunguze. Hicho ndicho chote."

Nilipanda kwenye lori nikiwa na homa ya furaha. Chini nyika imekauka, juu kwetu mlima umefunikwa na mawingu meusi.

Jumatano, 17 Novemba

Mvua. Kipande kimekwisha. Kimeanza kunichukiza. Nimebadilisha ukurasa wa tatu, nimeurudisha ulivyokuwa.

Jumamosi, 20 Novemba

Mzee Eliezeri alikuja, akakataa kuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti na maji yanamtiririka kwenye kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe, ng'ombe zako za mahari nilizila zikaisha, sikudai zaidi. Leo nadai. Toa hiyo sauti kwenye vyombo vyako."

"Baba, zimebaki wiki chache tu. Tukishapiga Same, basi."

"Ndiva imejaa. Jana nimepita kwa Honorata, Hezroni wako akapuliza. Yule mama hakuinua hata kichwa, aliendelea kuchambua mboga. Zamani angekuwa ameshafika mlangoni." Akakohoa muda mrefu. Kifua chake ni kibovu tangu kiangazi. "Umeifanya pembe kama jogoo wa jirani. Anawika, watu wanajigeuza upande wa pili."

Nilimwambia, kwa heshima yote, kwamba watu si wajinga, watajua tofauti. Akaniuliza: "Wewe unaijua?"

Nikasema naijua kuliko mtu yeyote katika milima hii. Naijua hadi kwenye unywele.

Alipoondoka, Esta akasema, "Baba Rosemary, hujawahi kumwona baba yangu akiomba kitu." Nilijifanya natafuta penseli. Wazee hawa wanataka kila kitu kibaki mikononi mwao hadi wazikwe nacho. Je, nani atajua Upare ulilia hivi, kama hakuna aliyeandika? Nimeudhika hadi nimeshindwa kula.

Jumanne, 23 Novemba

Mvua tangu Jumapili. Mazoezi tumefanya ndani ya kanisa. Hezroni bado anaishusha nota ya juu akichoka.

Alhamisi, 25 Novemba

Mvua usiku kucha. Alfajiri Hezroni amepuliza, kwa mbali, upande wa juu. Safi! Ile nota imekaa mahali pake hasa, na imekaa hapo bila kutikisika. Nimelala nikisikiliza kama mtu anayekunywa uji wa asali. Akarudia, nayo ikawa vilevile. Kosa ni moja tu, amevuta pumzi katikati ya mlio wa tatu, jambo nililokwisha kumkataza. Nikamwambia Esta, "Umesikia alivyovuta pumzi katikati? Yule mtu hasikii." Yeye alikuwa ameshainuka. Anasema ni baba yake. Nimemwambia asikilize vizuri, pembe haina sauti safi namna hii. Amechukua jembe, ametoka mvuani.

Nitamsema Hezroni leo jioni. Lakini hatimaye tumefika.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimesoma nilichoandika jana. Nilitaka kuchana ukurasa. Nimeuacha ubaki hapo unitazame.

Baada ya kuandika nilikunywa chai iliyopoa. Nilikuwa nafunga kamba za viatu niliposikia kishindo kama lori linamwaga mawe. Nikatoka nje. Mfereji mdogo unaopita nyuma ya nyumba yetu ulikuwa mwekundu, na juu ya maji kulikuwa na mgomba mzima umesimama wima, unatembea.

Nilikimbia. Ukuta wa ndiva ulikuwa umekatika katikati, pana kama mlango wa kanisa, na maji yalikuwa yameshapita karibu yote. Esta alikuwa pale na Honorata na wanawake wengine wawili, wamelowa, majembe mikononi. Hao ndio waliokuja. Katika kijiji kizima, hao.

Wamenisimulia. Mzee aliona tangu usiku maji yanapanda. Alitaka mfereji wa juu uzibwe na tundu la chini lifunguliwe, lakini gogo linaloziba tundu lilikuwa limevimba na kukwama, na kulitoa ni kazi ya wanaume wa kutosha. Akapuliza. Akangoja. Akapuliza tena. Hakuja mtu. Basi akaingia peke yake na kamba. Esta alifika akamkuta ndani ya maji hadi kifuani anavuta gogo, akampigia kelele atoke, akamjibu, "Wako wapi wengine?" Hapo ndipo ukuta ulipoachia.

Tulimkuta matuta mawili chini, amenaswa kwenye mashina ya migomba ya Honorata, paja limevunjika. Jiko la Honorata limekwenda, na mbuzi wake wawili. Maharage ya wote walio chini ya ndiva yako chini ya tope, na yetu pia. Hakuna aliyekufa. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara kadhaa.

Esta alikuwa amempakata baba yake kichwa. Aliniangalia na kusema neno moja: "Ulisikia."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Uliniambia."

Wanaume walikuja baadaye, mmoja mmoja, bila kutazamana. Kila mtu alisikia. Mmoja alisema alimwambia mkewe, "Huyo Hezroni leo kaamka mapema." Hezroni mwenyewe alikuja analia waziwazi. Alisikia akiwa kitandani, na tromboni imening'inia ukutani mbele ya macho yake. "Nilidhani umeazima nyingine huko Gonja, Mwalimu," alisema. "Nilidhani unamfundisha mtu mwingine aje achukue nafasi yangu. Nikalala na wivu wangu." Sikio la kufa halisikii dawa, lakini masikio yetu mimi na Hezroni ndiyo yaliyosikia vizuri kuliko yote, na ndiyo hayo hayo yaliyotulaza.

Tulimbeba mzee kwa machela ya miti na blanketi hadi barabarani. Ile pumzi katikati ya mlio wa tatu ilikuwa kifua chake kimekwisha. Niliisikia, nikaiandika kuwa ni kosa.

Jumapili, 28 Novemba

Kanisani hatukupiga. Mchungaji hakuuliza. Esta anasema nami maneno ya lazima: chumvi, kuni, mlango.

Jumanne, 30 Novemba

Mtu ameleta salamu za Respicius. Bendi yetu itafuata baada ya gwaride, na wageni wameshaambiwa. Mvua imepungua.

Jumatano, 1 Desemba

Hospitali. Mguu wa mzee umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi njia nzima, hakunipa nafasi.

"Keti. Nieleze. Siku ile ulisikia?"

"Nilisikia, baba."

"Ukadhani ni nani?"

"Hezroni."

Akakasirika hata kitanda kikalia. "Hezroni! Mtu mwenye pengo la meno mbele!" Alikohoa, akatulia. Halafu, akitazama dari, akauliza polepole: "Ilikuwaje?"

Sikuelewa. Akarudia: "Ilikuwaje? Ile yangu. Wewe si ndiye mjuzi?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikamwambia nilibaki kitandani kwa sababu ilikuwa nzuri. Niliona machozi yananitoka na sikuyafuta. Akageuza uso ukutani. Nadhani alifurahi, na nadhani alijichukia kwa kufurahi.

"Daktari amesema kifua hiki hakitapuliza tena," alisema. "Ukuta lazima usimame kabla mvua haijarudi. Utapuliza wewe."

"Baba, watu hawatanisikiliza."

"Hata mimi hawakunisikiliza. Pembe iko darini, Esta anajua. Na nikisikia umeijaribu nyuma ya nyumba hata mara moja, nitatoka hapa na huu mguu."

Jumamosi, 4 Desemba

Nimeutoa mlio wa pembe kwenye kipande. Bila huo kinabomoka. Kila kitu kilijengwa kuuelekea. Nimejaribu kuweka tarumbeta pale, ikawa uongo. Nimejaribu kuunganisha kingo mbili, ikawa kiraka. Mwisho nimeandika kimya. Urefu uleule, vipimo vilevile, bendi nzima inashusha vyombo na kuhesabu moyoni, kisha inaendelea.

Nilikwenda kwa wazee kuwaomba ruhusa ya kushuka Same. Honorata alikuwepo. "Nendeni," alisema. "Mbuzi wangu wameshakufa, mkibaki hapa watafufuka?"

Alhamisi, 9 Desemba

Same. Kwanza Respicius aliponisikia nikieleza kile kimya alishika kichwa.

"Mwalimu, wageni watadhani mmesahau!"

"Waache wadhani."

"Lakini hicho ndicho nilichokuambia usikipunguze!"

"Kimeshatumika, ndugu yangu. Kimekwisha."

Gwaride, hotuba, ngoma za wakata mkonge zilizopasua hewa. Kisha sisi. Jua liliyapasha matarumbeta hadi yanachoma midomo. Ngoma ikaanza, polepole, besi ikaingia, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia kitu nilichokitunga kikitoka hadharani, na nikawaza, nakiri, kwamba ni kizuri. Halafu tukafika pale. Niliinua mkono, bendi ikashusha vyombo.

Mgeni mmoja mkubwa jukwaani akaanza kupiga makofi, na waliokuwa karibu naye wakamfuata. Mshereheshaji akasogea kwenye kipaza sauti kutushukuru. Lakini kushoto kwangu, walikosimama watu wa kwetu walioshuka na lori, hakuna aliyepiga makofi. Niliwaona wameinua vichwa wote kwa pamoja wakielekea mlimani, kama watu wafanyavyo pembe ikilia. Hezroni alikuwa mbele yangu na tromboni mapajani, midomo inamcheza. Nikashusha mkono, tukaingia tena juu ya maneno ya mshereheshaji.

Baadaye yule mgeni alinishika mkono. Akataka kujua kama kile kimya ni kwa ajili ya waliokufa wakipigania haki yetu. Respicius akadakia, "Hasa, ndugu, hasa." Nilimtazama. Akatazama viatu vyake, ambavyo leo havikung'aa.

Nilichokitamani tangu ujana nimekipata, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza ukuta.

Jumamosi, 11 Desemba

Wazee wameamua: Jumatatu alfajiri, kama hakuna mvua. Hawatapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Balozi alipendekeza hivyo, wakamkatalia. Wanasema kama pembe haiwezi tena kuwaita watu, heri ijulikane sasa, tutafute namna nyingine ya kuishi.

Esta ameishusha pembe darini. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Pale pa kuwekea mdomo pamelika upande mmoja, kwa midomo ya watu waliokufa zamani. Vidole vinaniwasha. Kiongozi wa bendi, na sitajaribu hata mara moja! Nimeiweka juu ya kabati, nimeishusha, nimeirudisha.

Jumapili, 12 Desemba

Mawingu. Sijala.

Jumatatu, 13 Desemba

Hakukuwa na mvua. Nilipanda peke yangu hadi penye ukuta uliokatika kabla hakujapambazuka vizuri, Esta akabaki nyumbani akiwasha moto. Ukungu ulikuwa chini ya miguu yangu, kijiji hakionekani. Nikaweka midomo pale palipolika.

Mlio wa kwanza haukuwa mlio, ulikuwa upepo. Nikaanza upya. Mrefu, ukatoka na kutetemeka. Mrefu wa pili. Nilipopanda kwenye ule wa tatu nikajua mara moja kwamba nimekosa, niko chini ya nota, na pembe haina mkono wa kuvuta. Nikasukuma kwa kifua, pumzi ikaniishia, nikavuta nyingine katikati, nikamaliza nilivyoweza. Mwanafunzi wangu angepiga hivyo ningemtoa nje.

Kisha ukimya. Nilizoea kuhesabu ukimya, na huu nilishindwa kuuhesabu. Jogoo aliwika. Mbwa wa mtu alibweka akaacha. Hakuna mlango uliofunguliwa. Nikasema moyoni, basi, nimeiua. Sikupuliza mara ya pili. Mzee alipuliza mara ya pili na haikusaidia.

Wa kwanza kutokea kwenye ukungu alikuwa Honorata, jembe begani, kibakuli cha makande kichwani. Alinipita bila salamu, akaenda hadi penye tope, akaanza kuchimba. Nyuma yake wakaja wawili. Kisha nikasikia sauti za majembe yakigongana kwenye njia ya migombani, na kwenye njia ya shule, na chini kwa balozi. Walikuja wengi hata ikabidi wengine wasimame kwenye nyasi. Hezroni alinisogelea na kuninong'oneza, "Mwalimu, ile ya juu ilikuwa chini." Nilimwambia akashike zamu ya mawe.

Nilikuwa bado nimeishika pembe kwa mikono miwili, sijui niiweke wapi. Esta akaja. Alikuwa na majembe mawili, lake na langu. Aliichukua pembe, akaifuta mate kwa kanga yake, akaitundika shingoni mwake. Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Umevuta pumzi katikati," alisema, akanipa jembe.